Mtungi wa Lita 20 Si Kilo 20: Deni Langu kwa Susu

Wacha nianze na swali ambalo utadhani ni la watoto wa darasa la nne. Lita moja ya asali ina kilo ngapi?

Kama umejibu "moja", karibu, keti hapa kando yangu. Hata mimi ningejibu hivyo hivyo, na jibu hilo lilinifanya nimpunje nyanya yangu pesa ambazo mpaka leo namlipa kidogo kidogo. Sehemu ya kwanza ya kosa lilikuwa la kutojua. Sehemu ya pili, hapana. Hiyo ya pili ndiyo imenifanya niandike haya.

Nyanya yangu anaishi upande wa Mwingi, kaunti ya Kitui. Kwa Kikamba tunamwita Susu. Yeye naye huniita "mume wangu", kwa sababu nilipewa jina la babu. Babu alipofariki alimwachia mbuzi kadhaa, kashamba kadogo, na mizinga ya magogo iliyoning'inia kwenye migunga. Kama unajua Mwingi, unajua asali yake. Mvua ikishanyesha na maua yakatoka, nyuki hufanya kazi ambayo wewe na mimi tungeomba likizo.

Nilipomaliza chuo nilitafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Nikachoka kutuma barua ambazo hazijibiwi. Siku moja nikiwa kwa Susu nikamwona broka akipakia mitungi ya asali kwenye pikapiki, nikajiuliza: mbona huyu na si mimi? Niko Nairobi, nina simu, nina watu wanaonifuatilia mtandaoni, na nyanya yangu ana mizinga. Nikamwambia, "Susu, kuanzia leo usimuuzie huyo jamaa. Nitanunua mimi."

Akaniuliza swali moja tu. "Huko Nairobi kilo moja nitalipwa ngapi?"

Nikapiga hesabu ya nauli, chupa na faida yangu. Nikamwambia, "Mia nne."

Susu hakwenda shule sana lakini hesabu za soko haumshindi. Akautazama ule mtungi wa manjano wa lita 20, tunaouita "wa ishirini" kila mahali, akasema, "Basi ni elfu nane." Ishirini mara mia nne. Tukapeana mikono. Hakuna aliyesimama kuuliza kama ile ishirini ya mtungi ni ishirini gani. Kijijini mtungi wa ishirini ni kilo ishirini, na ndivyo hata yule broka alivyokuwa akihesabu.

Mzigo wa kwanza niliupeleka stejini nikamwambia makanga ni lita 20. Akajaribu kuinua kwa mkono mmoja, akaurudisha chini, akaniangalia. "Boss, humu umeweka asali ama mawe?" Tukacheka. Nikamlipa pesa ya mzigo na sikulifikiria tena neno lake.

Nairobi nilikuwa naimwaga asali kwenye chupa za lita moja na kuandika "Asali safi ya Mwingi, kilo 1". Chupa shilingi 700. Mtungi mmoja, chupa 20, jumla 14,000. Nikitoa 8,000 za Susu, nabaki na 6,000 kabla ya nauli na chupa. Si pesa mbaya kwa mtu asiye na kazi. Nilifanya hivyo kwa mitungi saba, minne kutoka kwa Susu na mitatu ya majirani zake, ambao walikuwa wakiniletea asali kwa sababu walimwamini yeye.

Sasa ikaja siku ya mama wa keki.

Kuna mama mtaani kwetu anayeoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa. Aliniagiza kilo tano. Nikampelekea chupa tano, nikiwa na tabasamu la mfanyabiashara. Yeye hakunilipa papo hapo. Alitoa mizani yake ya jikoni, akaweka chupa tupu ya aina ileile, akairudisha mizani kwenye sifuri, kisha akaweka chupa yangu iliyojaa. Mizani ikasoma kilo moja na gramu mia nne na kitu.

Nikaanza kujitetea kabla hata hajaniuliza. "Mama, pengine hiyo mizani imeharibika."

"Mizani iko sawa," akasema. "Kijana, unajipunja. Nimeagiza kilo tano, umeniletea kilo saba. Lita ya asali si kilo. Chukua hizi chupa mbili urudi nazo, hizi tatu zinatosha, na hicho kidogo kinachokosekana utanifidia siku nyingine."

Tafadhali kumbuka alichofanya mama huyu. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza kungempa kilo mbili za bure siku hiyo, na kilo mbili nyingine kila mara anapoagiza. Aliniambia ukweli ambao ulimtoa pesa mfukoni mwake.

Nilirudi nyumbani bado nabisha kimoyomoyo. Nikaazima mizani. Nikachukua chupa ya nusu lita, nikaipima ikiwa tupu. Nikaijaza maji: gramu 500 za maji. Nikaimwaga, nikaikausha, nikaijaza asali mpaka alama ileile: gramu 710. Nikarudia mara tatu. Chupa ni ileile, na nafasi ndani yake ni ileile, lakini uzito umepishana kwa gramu 210.

Hapo ndipo kidato cha kwanza kikanirudia. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akituuliza kipi kizito kati ya kilo ya pamba na kilo ya chuma, na sisi tunapiga kelele "chuma!" mpaka anacheka. Kisha akaandika ubaoni: densiti ni tungamo ugawanye kwa ujazo. Nilikariri. Nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu nzuri, nikafunga daftari. Sikuwahi kujua kwamba sentensi ile ilikuwa inamzungumzia nyanya yangu.

Kwa lugha ya mtaani ni hivi. Lita inapima nafasi ambayo kitu kinakalia. Kilo inapima ni kitu kiasi gani kimeingia katika nafasi hiyo. Densiti ndiyo daraja kati ya hizo mbili. Maji tumezoea kuyaita moja kwa moja: lita moja ya maji ni takriban kilo moja, na kipimo cha kilo chenyewe kilianzia hapo zamani kule Ufaransa. Ndiyo maana tunadanganyika. Tunachukua tabia ya maji na kuivisha kila kitu kinachomiminika.

Lakini asali si maji. Ni sukari iliyoshikana, yenye maji kidogo tu, chini ya moja kwa tano ikiwa imeiva vizuri. Densiti yake ni karibu 1.42. Ikiwa na maji mengi inashuka kidogo kuelekea 1.40, ikiwa kavu zaidi inapanda kidogo. Kwa hiyo:

Kutoka lita kwenda kilo, unazidisha kwa densiti. Lita 20 mara 1.42 ni kilo 28.4.

Kutoka kilo kwenda lita, unagawanya. Kilo 1 kwa 1.42 ni lita 0.7, yaani mililita 700 na kitu.

Ukisahau lini unazidisha na lini unagawanya, usihangaike. Jiulize tu: hiki kitu ni kizito kuliko maji? Kama ndiyo, kilo lazima ziwe nyingi kuliko lita. Ukipata kinyume, umekosea, rudia.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye mtungi wa Susu. Mimi nilikuwa nalipa kilo 20. Mtungi ulikuwa na kilo 28. Kilo nane, kila mtungi, zilikuwa zinatoka Mwingi bila kulipiwa. Kwa bei ya 400, hizo ni shilingi 3,200. Kwa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini ambaye anapanda ndengu akitegemea mvua ambayo ikitaka inakuja na isipotaka haiji, 3,200 si pesa ya kuchezea.

Na nilifanya nini nilipojua? Hapa ndipo naona aibu.

Nilinunua chupa ndogo. Nikaanza kupima kilo moja kamili, bei ikabaki 700. Mtungi mmoja sasa ukatoa chupa 28 badala ya 20. Kutoka 14,000 nikafika 19,600. Wateja wachache walilalamika kwamba chupa zimepungua, nikawajibu kwa ujasiri wote, "Kilo ni kilo, leta mizani." Nilikuwa nasema ukweli. Lakini kwa Susu niliendelea kutuma 8,000. Kwa wateja nilikuwa mtu wa kilo. Kwa nyanya yangu nikabaki mtu wa mtungi.

Nilinunua mitungi minne namna hiyo. Kila mara nilikuwa na sababu. Eti tulikubaliana mtungi ni elfu nane, hakuna aliyelazimishwa. Eti mimi ndiye ninayebeba hatari ya safari. Eti broka angempa hata kidogo zaidi ya hicho. Nilimweleza rafiki yangu mmoja, akaniambia, "Buda, hiyo si wizi, hiyo ni biashara." Nikalipenda jibu hilo kwa wiki mbili hivi.

Kilichonisumbua ni lile swali la kwanza la Susu. Hakuuliza mtungi ni pesa ngapi. Aliuliza kilo ni pesa ngapi, nami nikamjibu kwa kilo. Ile elfu nane ilitoka ndani ya neno langu. Kama angesema "nipe elfu nane kwa mtungi", pengine ningekuwa na pa kujificha. Na kila nilipotaka kujificha, mama wa keki alikuwa amesimama hapo kichwani akinirudishia chupa mbili.

Mwezi wa nne nikapanda gari kwenda Mwingi, na mizani ya kuning'iniza ndani ya begi.

Niliitundika kwenye mti wa mwembe nje ya jikoni. Susu alidhani nimeleta mchezo wa kurekodi video. Nikaning'iniza mtungi mtupu kwanza, tukasoma. Kisha mtungi wa maji uliojaa mpaka alama, tukasoma: kilo 20 ukitoa mtungi. Kisha wa asali. Mshale ukapita 20, ukapita 25, ukasimama baada ya 28. Nikamweleza kila kitu. Nikamwambia kuhusu mama wa keki, kuhusu chupa ndogo, na kuhusu ile mitungi minne niliyonunua nikijua.

Nilitarajia ashangae kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Hakushangaa hata kidogo.

"Mume wangu," akasema, "mimi nimebeba maji kutoka mtoni tangu nikiwa msichana, kwa mtungi kama huu, ukanda kwenye paji la uso. Na asali nimeibeba kwenda sokoni kwa mtungi huohuo. Unafikiri mgongo wangu haujui ipi nzito?"

Nikamuuliza basi kwa nini hakuwahi kusema.

"Nilijua ni nzito. Sikujua uzito huo una pesa. Watu wa mizani ni nyinyi. Nilifikiri ukisema kilo, umepima."

Hapo nikakosa maneno. Yeye alikuwa na kipimo mgongoni, mimi nilikuwa na kanuni kwenye daftari, na hakuna aliyewahi kutukutanisha.

Nikamwambia nimekuja kulipa ile mitungi minne. Kilo nane mara 400 mara nne, jumla 12,800. Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Susu akanyamaza kidogo akichambua ndengu kwenye ungo, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na ile saba ya kwanza?"

"Susu, ile sikujua. Hata mimi sikufaidika, niliwapa wateja."

"Aa. Kwa hiyo asali ya mitungi saba ilikuwa nyepesi?"

Ningeweza kubishana. Kuna mawakili ambao wangenitetea. Lakini kilo zilikuwa zimetoka kwenye mizinga yake na ya majirani, ziwe ziliishia kwangu au kwa watu wa Pipeline. Mitungi 11, shilingi 35,200. Nimeshalipa 21,000. Zimebaki 14,200, na majirani watatu wamelipwa zote kwanza kwa sababu Susu alisema wa nje hulipwa kabla ya wa nyumbani.

Kinachochekesha ni kwamba sikufilisika. Sasa nanunua kwa mizani, ambayo niliipeleka ikakaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani, kama inavyotakiwa kwa mizani yoyote ya biashara. Mtungi wa kilo 28 namlipa 11,200. Nauza 19,600. Nabaki na 8,400 kabla ya gharama, ambazo ni nyingi kuliko zile 6,000 za mwanzo nilipokuwa sijui. Susu amepata 3,200 zaidi, mimi 2,400 zaidi. Pesa hizi hatukuiba kwa mtu. Tulikuwa tunazimwaga wote wawili kwa kukosa kupima, mpaka mmoja wetu akajua na akataka kuzibeba zote peke yake.

Ndiyo maoni yangu leo. Watu husema mkulima wa Kenya anapunjwa kwa sababu hana soko. Mara nyingine soko analo. Kinachomwumiza ni kwamba ananunuliwa kwa ujazo na bidhaa yake inauzwa kwa uzito, na tofauti inabaki kwa aliye katikati. Angalia viazi. Ile lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mtu mwenye mimba, ni hadithi hiyohiyo: mkulima anahesabiwa gunia, mjini zinahesabiwa kilo. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia kwa sababu ya jambo hilo. Angalia gorogoro. Lilianza kama kopo la mafuta ya kupikia ya kilo mbili, lakini ukilijaza mahindi, au ndengu, au maharagwe, uzito haubaki uleule, na ukirundika juu unabadilika tena. Nafaka ina hewa katikati ya punje, kwa hiyo hakuna namba moja ya kukariri. Hapo ni mizani tu.

Vitu vya kumiminika angalau vina namba. Zishike hizi: maji 1, maziwa karibu 1.03, mafuta ya kupikia karibu 0.92, asali karibu 1.42. Maana yake, kilo 100 za maziwa ni lita 97 hivi, kwa hiyo kama unapeleka maziwa, jua kama bei ni ya kilo au ya lita na kama chombo kinachotumika kupima kinalingana na bei hiyo. Maana yake pia, lita ya mafuta ya kupikia ni gramu 920 tu. Ukiwa dukani unalinganisha bei ya lita ya mafuta na ya kilo moja ya mafuta ya kuganda, hulinganishi kitu kimoja.

Tahadhari moja. Usitumie densiti kama kipimo pekee cha asali safi. Ukipima lita ikatoka kilo 1.3, kuna uwezekano mkubwa imeongezwa maji. Lakini ikitoka 1.42, hiyo haithibitishi chochote, kwa sababu sharubati nzito ya sukari inaweza kufika hapo hapo. Mizani inakuambia kiasi gani. Haikuambii ni nini, na haikuambii aliyekuuzia ni mtu gani.

Wiki iliyopita nilimtumia Susu pesa kwa M-Pesa, akanipigia na kabambe yake. Siku hizi majirani humletea asali aipime kwanza kabla broka hajafika. Mizani ile niliiacha palepale mwembeni. Ananiambia yule broka wa pikapiki alikuja, akaiona, akauliza ni ya nini.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ni ya mume wangu. Mgongo wangu umezeeka, kwa hivyo ameniletea mwingine."

Kwa hivyo nakuuliza tena wewe unayesoma, na safari hii jibu polepole. Kile unachonunua nyumbani kwenu, kwa mama, kwa shangazi, kwa jirani wa nyanya yako: unalipa lita, unalipa kilo, ama unalipa jina la mtungi?